Mchungaji wa Uskoti na Mwalimu wa Bwera

Ipo silaha moja ambayo haiandikwi katika daftari la ghala, haipakwi mafuta, wala haikaguliwi na afisa wa zamu kabla ya jua kuchwa. Silaha hiyo ni historia. Watu walioandikiwa historia yao na jirani hukaa kama wageni katika nyumba ya mtu, wakielekezwa pa kuketi na pa kulala. Na watu wasioandikiwa kabisa hukaa nje barazani, wakisubiri kuulizwa wao ni nani.

Katika makala hii tumekusudia kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu wawili walioishika silaha hiyo katika nchi mbili zilizo mbalimbali na katika karne mbili zisizofuatana. Wa kwanza ni William Robertson, mchungaji wa Kanisa la Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1721 na kufariki mwaka 1793, na ambaye katika zama zake alihesabiwa miongoni mwa wanahistoria wakuu wa Ulaya nzima. Wa pili ni marehemu Isaya Mukirane, mwalimu wa shule, ambaye katika miaka ya 1950 aliasisi huko Bwera, magharibi ya Uganda, Chama cha Utafiti wa Maisha na Historia ya Wakonzo.

Huenda msomaji akauliza: wapi na wapi? Jawabu ni kwamba wote wawili walitoka katika watu wachache waliofungamanishwa na jirani mwenye nguvu kwa mkataba ambao raia wa kawaida hakuulizwa. Uskoti iliunganishwa na Uingereza mwaka 1707. Milima ya Wakonzo na mabonde ya Waamba yalitiwa ndani ya ufalme wa Toro kwa Mkataba wa Toro wa mwaka 1900, uliotiwa sahihi baina ya Waingereza na watawala wa Toro. Wote wawili walitaka kujua watu wao walikuwa nani kabla ya kuunganishwa. Lakini kalamu ya mmoja ilipokewa kwa heshima na kuwapatanisha watu wake na hali mpya. Na daftari la mwenzake likawa chanzo cha mapambano yaliyodumu miaka ishirini. Ni vema tuitafute sababu ya tofauti hiyo, kwani ndani yake mna somo kwa raia na kwa askari pia.

MCHUNGAJI ALIYEANDIKA

Robertson alizaliwa katika nyumba ya mchungaji huko Borthwick, kusini mwa mji wa Edinburgh. Baba yake naye alikuwa mchungaji, na mtoto akafuata nyayo za mzazi. Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh alikabidhiwa usharika mdogo wa Gladsmuir, naye bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Muda si mrefu wazazi wake wakafariki dunia, wakamwachia ndugu zake wadogo awalee. Aliubeba mzigo huo kwa mshahara mdogo wa mchungaji wa shamba, na hakuoa hadi mwaka 1751.

Mwaka 1745 ulizuka uasi mkubwa. Mwanamfalme Charles Edward Stuart aliteremka kutoka nyanda za juu za Uskoti pamoja na koo za huko, akidai kiti cha ufalme cha babu zake. Robertson aliuacha usharika wake kwa muda, akajiunga na vijana waliojitolea kuulinda mji wa Edinburgh dhidi ya waasi. Mji ulijisalimisha bila ya vita, naye akarudi kwenye madhabahu yake. Lakini hapana shaka kwamba aliyaona kwa macho yake yale ambayo vitabu havifundishi vizuri, yaani jinsi madai ya zamani yanavyoweza kuwatoa watu majumbani na kuwapanga mstari wa vita.

Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1759, alitoa kitabu chake cha kwanza kikubwa, historia ya Uskoti katika enzi za Malkia Mary na mwanawe James. Habari za Malkia Mary zilikuwa moto usiozimika. Wapo waliomwona shahidi, na wapo waliomwona muuaji. Robertson alikataa kuwa wakili wa upande wowote. Alizisoma nyaraka, akazipima, akaeleza makosa na masaibu ya malkia huyo kwa lugha ya utulivu. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi Edinburgh na London vilevile.

Baada ya hapo heshima zikamfuata mfululizo. Mwaka 1762 alifanywa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kazi aliyoishika hadi kufa kwake. Mwaka 1763 alichaguliwa kuongoza Baraza Kuu la Kanisa la Uskoti, na mwaka huo huo akateuliwa Mwanahistoria wa Mfalme kwa Uskoti. Mwaka 1769 alitoa historia ya Mfalme Charles wa Tano, kitabu alicholipwa pauni zipatazo 4,000, fedha nyingi mno kwa mwandishi wa siku zile. Mwaka 1777 ikafuata historia ya Amerika, na mwaka 1791 kitabu juu ya maarifa ya watu wa kale kuhusu Bara Hindi.

UZURI WAKE NA UPUNGUFU WAKE

Sifa ya kwanza ya Robertson ni bidii ya kutafuta ushahidi. Alipoandika juu ya Amerika hakuridhika na vitabu vilivyokuwapo. Alitunga orodha ya maswali, akawapelekea watu waliopata kuishi huko, akiwauliza desturi za wenyeji, chakula chao, ndoa zao na vita vyao. Aliomba pia nyaraka za Hispania, na pale aliponyimwa ruhusa ya kuingia katika hifadhi kuu ya Simancas alilieleza jambo hilo waziwazi kwa wasomaji wake. Mwishoni mwa kitabu alionyesha kila habari ameitoa wapi, ili mwenye shaka aende akahakikishe mwenyewe.

Sifa ya pili ni ushujaa wa kiraia. Mwaka 1779, ilipopendekezwa kuwapunguzia Wakatoliki wa Uskoti sheria kali zilizowakandamiza, Robertson aliyekuwa mchungaji wa Kiprotestanti aliunga mkono. Makundi ya watu wenye hasira yakazuka barabarani Edinburgh, na nyumba yake mwenyewe ikatishiwa. Alikemea pia utumwa katika enzi ambayo utajiri wa miji mingi ya Uingereza ulitegemea biashara hiyo.

Pamoja na hayo, yapo mawili ya kumlaumu. La kwanza, aliwaona wenyeji wa Amerika, ambao hakupata kuwatembelea hata siku moja, kuwa wako katika ngazi ya chini ya maendeleo ya binadamu. Alipanda mlima wa watu wengine kwa kutumia karatasi tu, kisha akatoa hukumu. La pili ni kwamba aliamini historia ya kweli huanza pale maandishi yanapoanza. Habari za kale za Uskoti, zilizopokewa kwa mdomo, aliziweka kando akizihesabu kuwa ngano na kubahatisha.

Kwa kanuni hiyo ya pili Wakonzo wasingekuwa na historia hata kidogo, na hapa ndipo tunapofika Bwera.

MILIMA ISIYO NA KITABU

Wasomaji wetu waliopata kusafiri kutoka Kasese kwenda Bwera wanaijua njia hiyo. Mkono wa kulia imesimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, na hubeba theluji ingawa ikweta iko karibu. Mkono wa kushoto nchi imetandaa kuelekea mbuga za wanyama na ziwa la chumvi la Katwe. Mbele kabisa, baada ya Bwera, upo Mpondwe na mto Lhubiriha, na ng'ambo yake ni Kongo. Wanaoishi ng'ambo huitwa Wanande, nao na Wakonzo ni watu wa asili moja na lugha yao ni moja. Kilichowatenga ni mstari uliochorwa na wakoloni wa Kiingereza na Kibelgiji. Ndiyo maana Kiswahili kimezoeleka sana katika masoko ya mpakani.

Wakonzo ni wakulima wa miteremkoni. Zamani kila mgongo wa mlima ulikuwa na kiongozi wake, na koo zilijua mipaka yake. Habari za watu hao hazikuwekwa katika karatasi. Ziliwekwa katika nasaba za koo, katika nyimbo, katika mlio wa marimba yao yaitwayo endara, na katika masimulizi juu ya Kitasamba, mwenye enzi wa theluji.

Majirani zao walikwisha kupata vitabu. Buganda ilikuwa na kitabu cha wafalme wake kilichoandikwa na Apolo Kagwa mwaka 1901. Bunyoro ilipata kitabu cha John Nyakatura mwaka 1947. Katika vitabu vya namna hiyo watu wa milimani hutajwa kwa mbali tu, kama wapagazi, wawindaji au watu wakaidi wasiotaka kulipa kodi. Katika utawala wa Toro lugha ya ofisi, ya shule na ya kanisa ilikuwa Kitoro. Mtoto wa Kikonzo alijifunza kusoma katika lugha isiyo ya mama yake, na alichosoma hakikumtaja babu yake.

Babu huyo lakini alikuwa na habari za kusimulia. Baina ya mwaka 1919 na 1921 Wakonzo waliinuka kupinga utawala waliowekewa, katika vuguvugu lililojulikana kwa jina la Abayora. Viongozi wake watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walikamatwa na kuuawa mwaka 1921. Serikali ya kikoloni ilidhani mambo yamekwisha. Kumbe yalihamia katika masimulizi ya jioni, ambako hakuna polisi anayeweza kuyafikia.

CHAMA CHA BWERA

Mwaka 1954 alifika milimani mwandishi kijana wa Kiingereza, Tom Stacey, akitaka kuwajua Wakonzo na nchi yao. Aliyemwongoza na kumfasiria alikuwa mwalimu Isaya Mukirane. Walitembea pamoja kijiji kwa kijiji, mgongo kwa mgongo, wakiwahoji wazee. Stacey aliondoka na madaftari ambayo baadaye yalimpatia vitabu. Mukirane alibaki nyumbani na jambo zito zaidi, nalo ni utambuzi kwamba wazee wa mgongo huu na wazee wa mgongo ule, ambao pengine hawajaonana maishani, walikuwa wakisimulia habari moja.

Kutokana na utambuzi huo kikazaliwa chama cha utafiti. Kazi yake iliyotangazwa ilikuwa safi na ya amani: kukusanya nasaba, mila, nyimbo na habari za kale za Wakonzo ili zisipotee. Chama kikapata wanachama na matawi milimani. Walimu, makarani na wazee wakakutana, na kila walipokutana waliandika. Kwa maneno mengine, yale maswali ambayo Robertson aliyapeleka kwa barua ng'ambo ya bahari, Mukirane na wenzake waliyauliza kwa miguu yao wenyewe, wakiwauliza watu wao wenyewe, katika lugha yao wenyewe.

Tena walikuwa mbele ya wataalamu wengi wa vyuo. Kitabu mashuhuri cha Jan Vansina kilichoeleza jinsi masimulizi ya mdomo yanavyoweza kupimwa na kutumika kama ushahidi wa historia kilichapishwa mwaka 1961. Kazi ya Bethwell Ogot juu ya Wajaluo, iliyojengwa juu ya masimulizi ya namna hiyo, ilitoka mwaka 1967. Mwalimu wa Bwera alikuwa ameanza kabla ya vitabu hivyo kutoka, bila ya fedha za chuo wala mashine ya kunasa sauti iliyotolewa na serikali.

Ni lazima tukumbuke pia hali ya wakati ule. Katika miaka hiyo hiyo machimbo ya shaba ya Kilembe yalifunguliwa, na mwaka 1956 reli ilifika Kasese ili shaba isafirishwe hadi Jinja kuyeyushwa. Utajiri ukaonekana ukitoka milimani kwa mabehewa. Watu wa milimani waliuona ukipita, lakini katika mabaraza yaliyoamua juu ya kodi, shule na vyeo, sauti yao ilikuwa ndogo. Kwa hiyo mikutano iliyoanza na swali, "Babu zetu walitoka wapi?" ikamalizikia na swali lingine: "Na sisi tunakwenda wapi?"

KUTOKA DAFTARI HADI BENDERA

Uhuru wa Uganda ulipokaribia, wajumbe wa Kikonzo na wa Kiamba katika baraza la Toro, wakiongozwa na Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walidai jambo ambalo kwa mtazamo wa leo laonekana dogo. Walitaka katiba ya Toro iwataje Wakonzo na Waamba kwa majina yao, sawa na Watoro. Walikataliwa. Mwaka 1962 wakatoka barazani, wakadai wilaya yao wenyewe ndani ya Uganda. Viongozi hao watatu wakakamatwa. Serikali iliunda tume chini ya Dakta Ssembeguya ichunguze chanzo cha machafuko, lakini wilaya haikutolewa.

Mukirane akapanda mlimani. Waliomfuata walitangaza kujitenga na Toro, na mwaka 1963 wakamfanya mfalme wa Rwenzururu. Mwaka huo huo serikali ya Milton Obote ilimwita Tom Stacey arudi kuzungumza na rafiki yake wa zamani, naye alipanda mlima, lakini suluhu haikupatikana. Mukirane alifariki mwaka 1966 akiwa huko huko milimani, na mwanawe Charles Wesley Mumbere, ambaye bado alikuwa mtoto, akawekwa mahali pake. Vijiji viliteketezwa, damu ikamwagika, na si ya upande mmoja. Katika miaka hiyo mtafiti Kirsten Alnaes alizikusanya nyimbo za uasi na kuzichunguza, na kutokana na kazi yake twafahamu kwamba yale yaliyokuwa katika madaftari ya chama yalikwisha kuingia katika vinywa vya watu.

Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliigawa Toro na kuunda wilaya mbili mpya, moja ya Wakonzo na moja ya Waamba, ambazo leo twazijua kwa majina ya Kasese na Bundibugyo. Yaani lile lililokataliwa mwaka 1962 lilitolewa miaka kumi na miwili baadaye, baada ya makaburi mengi. Na mwaka 1982, kwa juhudi za mwanasiasa wa Kasese, Amon Bazira, Mumbere na watu wake waliteremka mlimani wakakabidhi silaha. Vita vya miaka ishirini vilimalizwa kwa mazungumzo ya watu wanaojuana, ingawa majeshi ya serikali zilizofuatana hayakuwa yamekosa risasi.

TOFAUTI IKO WAPI?

Sasa turejee kwenye swali letu. Je, Robertson alikuwa mtu wa amani na Mukirane mtu wa vita? Sisi hatukubaliani na jawabu jepesi kama hilo.

Uskoti ilipounganishwa na Uingereza mwaka 1707 ilibakiziwa kanisa lake, mahakama zake, sheria zake na vyuo vyake. Mwanahistoria wa Kiskoti alikuwa na mahali pa kuketi. Alipoandika habari za watu wake, mfalme alimpa cheo, chuo kikampa ofisi, wachapaji wakampa fedha. Historia yake haikuhitaji bunduki kwa sababu ilifunguliwa mlango. Mwalimu wa Bwera alikwenda barazani na ombi la watu wake kutajwa majina, akafungiwa mlango. Historia inayofungiwa mlango wa baraza haifi. Huenda ikatafuta njia ya mlimani.

Hata hivyo tusimpambe Robertson kupita kiasi. Amani aliyoiandikia ilinunuliwa kwa gharama ya Waskoti wengine. Baada ya waasi kushindwa Culloden mwaka 1746, koo za nyanda za juu zilinyang'anywa silaha, na sheria ikakataza mavazi yao ya asili. Watu wale wa milimani, wenye lugha yao ya Kigaeli na historia iliyokaa katika nyimbo, hawakupata nafasi kubwa katika vitabu vya mchungaji wa Edinburgh. Kwa hakika wao, kuliko Robertson, ndio ndugu wa Wakonzo katika habari hii.

Wala tusimpambe Mukirane. Historia iliyokusanywa ili kuwaunganisha watu wa kundi moja yaweza kwa urahisi kuwasahau majirani zao. Kasese si nyumba ya Wakonzo peke yao. Wasongora na ng'ombe wao, Wanyabindi na Watoro nao wana makaburi ya wazazi wao katika ardhi hiyo. Waamba, waliosimama bega kwa bega na Wakonzo mwaka 1962, baadaye walitaka kiti chao wenyewe, na mwaka 2014 wakamtawaza kiongozi wao wa jadi. Aliyewahi kulia kwa kutotajwa yafaa awe wa kwanza kuwataja wengine.

Madeni ya historia hayakuisha mwaka 1982. Tarehe 19 Oktoba 2009, baada ya serikali kuutambua ufalme wa Rwenzururu kuwa taasisi ya jadi, Mumbere alitawazwa rasmi mjini Kasese. Watu wengi walidhani ukurasa umefungwa. Lakini tarehe 26 na 27 Novemba 2016 mapambano yalizuka, askari wa polisi wakauawa, na vikosi vya serikali vikaivamia ikulu ya mfalme huyo. Katika siku hizo mbili watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha. Mumbere alikamatwa pamoja na watu wake wengi. Mashtaka dhidi yao yaliondolewa Juni 2023, naye akarejea Kasese Oktoba mwaka huo. Sisi tuliovaa sare hatuwezi kuandika juu ya historia ya Kasese tukazipita tarehe hizo kimyakimya. Kufanya hivyo kungekuwa kurudia lile lile lililoileta taabu tangu mwanzo, yaani kuwaambia watu kwamba waliyoyaona hayakuwa.

SOMO KWA RAIA NA KWA ASKARI

Katika shule ya makadeti afisa mwanafunzi hufundishwa kusoma ramani kabla ya kupewa kikosi. Hujifunza kutambua mgongo wa mlima, bonde, kivuko na njia ya miguu. Ni elimu ya lazima. Lakini ramani ya Rwenzori haionyeshi ni mgongo gani uliomlea Nyamutswa, wala ni kijiji gani kilichomwa na nani, wala kwa nini bibi kizee hufunga mlango aonapo gari la serikali. Ramani hiyo ya pili iko katika vichwa vya wazee. Afisa anayekwenda kuishi miongoni mwa watu bila ya kuisoma huenda akatii kila amri na bado akapotea njia.

Kwa mintarafu hiyo tunayo machache ya kupendekeza.

Kwanza, wazee waliokuwa vijana katika miaka ya chama cha Bwera wamebaki wachache sana. Shule za sekondari za Kasese na Bwera zina walimu wa historia na zina wanafunzi wenye miguu mizuri. Kila mwanafunzi akimhoji mzee mmoja katika likizo moja, akaandika jina la ukoo, mahali na mwaka, zitapatikana habari ambazo fedha za miaka ijayo hazitaweza kuzinunua. Wafuate kanuni ya Robertson ya kuonyesha kila habari imetoka kwa nani. Wasifuate kosa lake la kuamini karatasi pekee.

Pili, mwanafunzi wa Kikonzo amhoji pia mzee wa Kisongora, na mtoto wa Kitoro amhoji mzee wa Kikonzo. Msomi Arthur Syahuka-Muhindo, mzaliwa wa huko aliyeandika kwa kina juu ya Rwenzururu, alionyesha kwamba mambo yale yalikuwa madai ya haki na sauti katika utawala, si ugomvi wa damu baina ya makabila. Hilo laweza kueleweka tu na yule aliyesikiliza zaidi ya upande mmoja.

Tatu, wenye kushika mabaraza wakumbuke bei iliyolipwa. Mwaka 1962 Wakonzo na Waamba waliomba majina yao yaandikwe katika katiba. Wino wa kuandika majina mawili hauzidi tone moja. Kwa kuunyima wino huo, nchi ililipa miaka ishirini.

Robertson alikuwa amekusudia kuiendeleza historia yake ya Amerika hadi kwenye makoloni ya Kiingereza. Vita vya uhuru wa makoloni hayo vilipozuka aliiweka kazi hiyo kando, wala hakuimaliza hadi alipokufa. Sehemu aliyokuwa ameandika ilichapishwa na mwanawe mwaka 1796. Pengine aliona kwamba mambo yanayowaka hayashikiki kwa mkono mtupu. Wakonzo na majirani zao hawana anasa hiyo ya kungoja. Wazee wanaondoka kila mwaka, na kila anayeondoka huenda na kurasa zake. Yafaa kazi iliyoanzwa na mwalimu wa Bwera imalizwe na watoto wa pande zote, tena imalizwe mchana, shuleni na barazani, mbele ya kila mtu.